Mto Mara, Mafunjo na Maji Tunayokunywa

Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa kwa wahitimu wa madarasa ya kisomo kutoka Musoma, Bunda na Butiama, waliokusanyika karibu na daraja la Kirumi. Tumeyaandika hapa ili na wale ambao hawakuweza kufika wayasome.

Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, wazee wetu, akina mama, akina baba na vijana,

Tunawashukuru kwa kuja. Wenzetu wa Bunda mmeondoka nyumbani alfajiri. Wa Butiama mmeacha mihogo juani, na wa Musoma mmefunga biashara zenu kwa siku nzima. Kwa hiyo hatutawapotezea muda.

Hapa mezani tumeweka chupa mbili za maji. Hebu ziangalieni vizuri. Maji ya chupa ya kwanza tuliyachota juzi pale ambapo barabara ya Nyamongo kwenda Mugumu inavuka Mto Mara. Ni mazito, na rangi yake ni kama chai ya maziwa. Maji ya chupa ya pili tumeyachota hapa hapa Kirumi, leo asubuhi. Rangi yake ni kama chai ya rangi, lakini ukiweka mkono nyuma ya chupa unauona. Hayana tope. Na mto ni ule ule mmoja! Sasa swali letu la leo ni hili: lile tope limekwenda wapi?

Kuna mzee hapo nyuma amejibu, "Limezama." Ni kweli, mzee wetu. Lakini limezama wapi, na ni nani aliyelizamisha? Hilo tutalirudia. Kwanza tuujue mto wenyewe.

UNAKOTOKA

Sisi tumezoea kusema "mto wetu". Mkoa mzima umeitwa kwa jina lake. Lakini mto huu haukuzaliwa hapa. Chanzo chake kiko Kenya, katika milima ya Mau, kwenye kinamasi kinachoitwa Enapuiyapui. Mahali pale ni juu sana, karibu mita 2,900 kutoka usawa wa bahari. Ziwa letu liko mita 1,134 tu. Mwenye daftari atoe hesabu hiyo. Ataona kwamba maji haya yanateremka zaidi ya mita 1,700 kabla ya kutufikia. Na safari yake ni ndefu, kilomita 395 hivi.

Kule juu mito ipo miwili. Mmoja ni Nyangores, unaopita mji wa Bomet. Watu wa kule wanaukamua kweli kweli mto huo: pale Tenwek kuna maporomoko, na hospitali ya mahali hapo inayatumia kutengeneza umeme. Mto wa pili ni Amala, unaopita Mulot. Mito hii miwili ikikutana ndipo tunapata jina la Mara. Kutoka hapo unaingia katika hifadhi ya Maasai Mara, unapokea maji ya mto Talek na ya Mto Mchanga, kisha unaingia Tanzania kupitia Serengeti. Ukitoka hifadhini unapita kati ya Tarime na wilaya ya Serengeti, unaendelea kati ya Rorya na Butiama, unaingia katika mafunjo, unapita chini ya daraja hili, na mwisho unamwaga maji yake katika Ghuba ya Mara, jirani kabisa na Musoma mjini.

Sasa kuna neno moja ambalo lazima tulielewe wote, nalo ni "bonde la mto". Tuchukue mfano wa nyumba ya bati. Mvua ikinyesha, maji ya bati lote yanakusanyika kwenye mfereji mmoja na kuingia katika pipa. Bonde la mto ndilo lile bati. Ni eneo lote ambalo mvua ikinyesha, maji yake yanaishia katika mto huo. Bonde la Mto Mara lina kilomita za mraba 13,500 hivi. Ukiligawa mafungu matatu, karibu mafungu mawili yako Kenya na moja liko Tanzania. Maana yake nini? Maana yake ni kwamba pipa liko kwetu, lakini bati kubwa liko kwa jirani. Kuku akichafua bati, sisi ndio tutakaoyaona maji.

Ndugu zetu wa Bunda watasema, "Sisi tuna Grumeti na Mbalageti, haya ya Mara yanatuhusu nini?" Ni kweli, mito hiyo inaingia Ghuba ya Speke, siyo hapa. Lakini jiulizeni jambo moja. Wakati wa kiangazi kikali, Grumeti inakuwaje? Inakatika, yanabaki madimbwi, na kila dimbwi lina mamba wake. Mto Mara unapungua, lakini haukatiki. Siri yake ni ule msitu wa Mau. Majani yaliyooza chini ya miti ni kama godoro. Mvua kubwa ikinyesha, godoro linanywa maji, halafu linayaachia kidogo kidogo miezi yote ya kiangazi. Pasipo na msitu, mvua ya leo inakuwa mafuriko ya kesho, na wiki inayofuata mto umenyauka.

Na huo msitu, ndugu zetu, umekatwa sana. Mwaka 2001 Serikali ya Kenya iliondoa sehemu kubwa za Mau kwenye hifadhi ili watu wapewe ardhi. Baadaye, kuanzia mwaka 2009, ikaanza kuwatoa watu humo, kwa sababu mito ilianza kuonyesha dalili mbaya. Hatusemi haya ili tuwalaumu wenzetu wa Kenya. Hata sisi tumekata miti ya milima yetu kwa mkaa, na kila mmoja wetu anajua.

NYUMBU, VIBOKO NA FEDHA ZA WAGENI

Hapa tutapita haraka, maana habari za wanyama mmezisikia sana redioni. Katika Serengeti kuna nyumbu zaidi ya milioni moja. Kuanzia mwezi wa Julai hivi mpaka Oktoba wanakuwa upande wa kaskazini, kwa sababu kule Mto Mara ndio mto pekee ambao haukauki. Wageni wanatoka Ulaya na Marekani kuja kuwatazama wakivuka. Wataalamu wamehesabu kwamba kila mwaka nyumbu wapatao 6,250, kwa wastani, wanakufa majini wakati wa kuvuka. Msidhani nyama hiyo inapotea bure. Samaki wanakula, mamba wanakula, tai wanakula, na mifupa inakaa mtoni miaka mingi ikiyatia maji mbolea.

Fikirini mto huu ukikauka mwaka mmoja tu. Nyumbu hawana mahali pengine pa kunywa, na watalii hawatapanda ndege kuja kutazama mchanga. Sisi wa Butiama na Musoma huenda hatujawahi kumhudumia mtalii hata mmoja, lakini fedha zile zinaingia katika mfuko wa nchi, na humo ndimo zinamotoka fedha za shule na zahanati.

Viboko nao tuwataje, kwa sababu tutawahitaji mbele kidogo. Katika sehemu ya mto iliyoko Kenya kuna viboko zaidi ya 4,000. Kiboko anakula majani nchi kavu usiku, na mchana anarudi majini kujisaidia. Wakati wa kiangazi kinyesi kinajaa kwenye vidimbwi wanamolala, kinaoza, na maji yake yanakosa hewa ya oksijeni. Mvua ya kwanza ikija inayasukuma maji yale mabovu kwenda chini, na samaki wanakufa. Wataalamu waliyachunguza hayo kwa miaka kadhaa wakayaandika mwaka 2018. Lishikeni hilo.

MAJI HAYA YANA WENYEWE WENGI

Maji yakishaingia ziwani hayakai. Yanatoka Jinja, Uganda, na kuanza safari ya Mto Nile mpaka Misri, kwenye bahari ya Mediterania. Kwa hiyo tone linalopita hapa Kirumi linaweza kufika Kairo. Ni ajabu, lakini ni kweli.

Mwaka 1929 Waingereza, waliokuwa wakitutawala, waliandikiana na Misri mkataba. Ulisema kwamba katika nchi walizozitawala Waingereza isijengwe kazi yoyote itakayopunguza maji ya Nile na ya maziwa yake, mpaka Misri ikubali. Sisi wenye maji hatukuulizwa. Tulipopata Uhuru, Tanganyika, chini ya Mwalimu Julius Nyerere, ilitangaza mwaka 1962 kwamba mkataba huo haituhusu. Mtoto wa Butiama, aliyekulia karibu na mto huu, ndiye aliyesema hivyo. Nchi nyingine nazo zikafuata msimamo huo. Mwaka 2010 nchi kadhaa za bonde la Nile, Tanzania ikiwemo, zilitia saini mkataba mpya pale Entebbe, na mkataba huo ulianza kufanya kazi Oktoba 2024. Huo unasema kila nchi itumie maji kwa haki bila kuwaumiza wengine.

Tunalieleza hili kwa sababu lina pande mbili. Tukisema Misri isitupangie, basi na sisi tunapodai wenzetu wa Mau wautunze mto, watatuuliza: na nyinyi huko chini mnaufanya nini?

TOPE LIMEKWENDA WAPI?

Sasa turudi kwenye chupa zetu. Kati ya mahali tulipochota chupa ya kwanza na hapa Kirumi kuna nini? Naam, mama pale amejibu sawasawa: kuna mafunjo.

Tulipokuwa chuo cha ualimu tuliuchora Mto Mara ubaoni kwa chaki ya buluu, mstari mmoja kutoka Kenya mpaka ziwani. Tulipewa alama nzuri. Lakini hakuna aliyetuambia kwamba kabla ya kufika ziwani mstari ule unapotea! Mto unaingia katika kinamasi chenye ukubwa wa mamia ya kilomita za mraba, unatawanyika, unapunguza mwendo na kupenya kidogo kidogo katikati ya mabua. Na maji yakipunguza mwendo, hayawezi tena kubeba udongo. Ndipo tope linapozama, mzee wetu. Zaidi ya hapo, mizizi ya mafunjo inakula ile mbolea iliyosombwa kutoka mashambani. Kinamasi ni chujio.

Lile chujio likiondoka, tope lote na mbolea yote vitaingia ghubani. Mbolea ikizidi ziwani inaotesha mwani na magugumaji. Na tukumbuke kwamba Musoma mjini wanakunywa maji ya ziwa. Bunda wanaletewa maji ya ziwa kutoka Nyabehu. Kiabakari na Butiama wanaletewa maji ya ziwa kutoka Mugango. Basi, ndugu zetu wa Bunda, mmeona sasa kwa nini tumewaita? Ziwa ni moja.

Humo humo katika mafunjo kambale, kamongo na sato wanapata mahali pa kuzalia na pa kujificha. Nzohe wanaishi humo. Akina mama wanapata mabua ya kusukia mikeka, na watu wanaezekea vibanda. Lakini tusijidanganye kwamba kila mtu anayapenda mafunjo. Kabla hatujaanza, mzee mmoja ametuambia maneno makali. Alisema: "Baba yangu alilima pale. Leo ni mafunjo matupu. Mnakuja kutusifia kitu kilichomeza shamba letu!"

Mzee huyu hasemi uongo. Kati ya mwaka 1961 na 1964 mvua zilikuwa kubwa mno, na Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita mbili. Maji yakarudi nyuma, mabonde yakajaa. Tena udongo unaosombwa kutoka juu umeendelea kukaa humu mwaka hata mwaka, na kila unapokaa unaipa mizizi ya mafunjo mahali pa kushika. Kinamasi kimepanuka kweli. Mwaka 2020 ziwa lilipanda tena, na wa kandokando walihama. Kwa hiyo aliyelimeza shamba lako, mzee wetu, ni udongo wa shamba la mtu mwingine aliyelima mteremko bila matuta. Mafunjo yamekuja kukaa juu yake tu. Ukiyachoma leo, udongo ule haurudi ulikotoka.

MACHI 2022

Tumefika mahali ambapo wengi wenu mnapajua kuliko sisi. Mwezi wa Machi mwaka 2022 maji hapa Kirumi yaligeuka meusi. Yalinuka. Samaki walielea matumbo juu. Serikali ilizuia watu kutumia maji hayo na samaki wake kwa muda. Wavuvi walikaa nyumbani, na mama aliyekuwa akiuza samaki hapa darajani hakuwa na cha kuuza. Watu walikumbushana kwamba mwaka 2009 maji ya mgodini yalivuja yakaingia mto Tigithe, ambao unaleta maji yake Mara. Kwa hiyo hofu yao ilikuwa na sababu.

Waziri wa Muungano na Mazingira wa wakati huo, Ndugu Selemani Jafo, aliunda kamati chini ya Profesa Samwel Manyele. Kamati ilisema kwamba haikuwa sumu ya migodini. Ilisema kinyesi cha mifugo kilichorundikana bondeni, pamoja na mimea iliyooza, vilimaliza oksijeni majini. Mnakumbuka kelele zilizofuata. Watu walicheka, wengine walikasirika, wakauliza: ng'ombe wapo tangu enzi za babu zetu, mbona mto haukuwahi kufa?

Sisi hatukuwa katika kamati hiyo na hatuna maabara. Kwa maoni yetu, wananchi walikuwa na haki ya kuuliza. Mtu akiambiwa maji yake yameoza anataka kuona vipimo, na kuvieleza kwa lugha ya kijijini ni kazi ambayo wataalamu wetu bado wanaifanya kidogo mno. Lakini pia tusilikatae jambo kwa sababu linachekesha. Turudi kwa wale viboko. Kinyesi kingi katika maji yaliyosimama kinamaliza hewa, na maji hayo yakisukumwa kwa ghafla yanaua samaki. Hilo limepimwa huko huko juu, katika mto huu huu. Jaribuni nyumbani: jazeni ndoo majani mabichi, tieni maji, funikeni siku tano. Mkifunua mtapata maji meusi yanayonuka, na hamkutia sumu yoyote.

Tena ng'ombe wa leo si wale wa babu zetu. Babu alikuwa na malisho mapana. Leo malisho yamekuwa mashamba, na kiangazi kikija ng'ombe wote wanasukumwa mahali pamoja, kwenye mafunjo, maana ndipo palipobaki majani mabichi. Hata chujio la chai, ukilijaza majani usilikung'ute, mwisho chai haipiti.

TUFANYE NINI HAPA HAPA

Mau hatuiwezi, ni ya Serikali mbili kuzungumza. Na wanazungumza: tangu mwaka 2012, kila tarehe 15 Septemba, Kenya na Tanzania zinaadhimisha Siku ya Mara kwa zamu. Lakini baadhi ya mambo yako mikononi mwetu.

La kwanza ni moto. Mafunjo yakikatwa bua, yanachipua upya, na mwenye mikeka anapata tena. Yakichomwa wakati wa kiangazi kikali, moto unakwenda mpaka kwenye mizizi, na majivu na majani yaliyokufa yanasubiri mvua iyasombe. Anayehitaji mabua akate kwa vipande, aache vingine vikue.

La pili ni mifugo. Hatuwezi kumwambia mfugaji asinyweshe. Lakini kijiji kinaweza kuchimba lambo au kujenga mabirika mbali na ukingo, ng'ombe wakanywa huko na samadi ikabaki nchi kavu, ambako Bwana Shamba anaitafuta kila siku. Hili linahitaji fedha. Liingizeni katika mpango wa kijiji, kwenye mkutano mkuu, na liandikwe katika muhtasari. Nyinyi mnajua kusoma sasa. Ombeni muhtasari muusome, mhakikishe limeandikwa.

La tatu ni mita 60. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za binadamu za kudumu, au zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa. Tumeona katika vijiji vingi watu wanabishana kuhusu mita hizo bila kuzipima. Mmoja anasema zinaishia kwenye mwembe, mwingine anasema kwenye kichuguu. Bustani ya mjane inang'olewa, na shamba la mwenye nguvu linabaki. Hiyo si haki, na dawa yake ni kamba.

Ndiyo maana kesho asubuhi, saa moja, tutakutana tena darajani. Tunayo kamba ya mita 20, kwa hiyo tutaipima mara tatu kutoka ukingoni, na kila tukifika mita 60 tutapiga kigingi. Tutaanza upande huu wa Butiama. Akina mama wenye bustani muwepo, ili kila mmoja aone kigingi chake kinapigwa wapi. Mwenye panga aje nalo kwa ajili ya vigingi, na mwenye daftari aandike. Watoto wasifuate, maana mamba wapo.

Na hizi chupa mbili tunaziacha katika dirisha la ofisi ya kijiji. Atakayepita jioni aangalie chini ya ile ya kwanza.